Maksi kwenye Mtama wa Bi Somoe

Siku ninaondoka Mchinga kwenda kusoma, mjomba wangu Mzee Mfaume alisimama mbele ya watu akasema nitarudi kabla mfuko wangu wa mihogo mikavu haujaisha. "Huyu jembe limemshinda," alisema, "kalamu ataiweza?" Watu wakacheka, na kila mmoja akaongeza lake. Mmoja akasema mtoto wa mkwezi hawezi kukaa kitini mbele ya Mdachi asidondoke. Mwingine akasema maandishi yanayotoka kushoto kwenda kulia yatanipofua, maana macho yangu yalishazoea kuanzia kulia. Mjomba akamaliza kwa kusema nikibahatika sana nitakuwa karani wa kuhesabu kunguru.

Basi nilikwenda, nikakaa miaka minne kule kaskazini, nikarudi na cheti chenye muhuri wa tai (nilikitia kwenye fremu ya mpingo nikakitundika ukutani mkabala na mlango, ili mpita njia asipate taabu ya kuingia ndani ndipo akione), nikapewa kazi ya karani wa forodha palepale Mchinga, nikavaa viatu siku zote saba za wiki, na siku ya kwanza nilipopita mbele ya nyumba ya mjomba nilikohoa mara mbili. Haya nayasema kwa kujisifu, sikatai, na nayastahili. Lakini nayasema pia kwa sababu aibu ninayotaka kuwasimulia haieleweki mpaka ujue mtu alianguka kutoka juu kiasi gani. Nimeificha miaka mingi, na juzi tu nimegundua kwamba wanangu wameijua siku zote, walisimuliwa kisimani, tena vibaya, wanasema mbwa walikuwa wawili. Alikuwa mmoja.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu kwisha vita vya maji, yale maji ya dawa ya kuzuia risasi. Walioishi siku zile hawahitaji kuelezwa, na wasioishi nawaambia hivi tu, kwamba bunduki ziliua watu na kisha njaa ikaja ikaua waliobaki, kwa sababu maghala ya bara yalichomwa na mashamba yakalala bila mtu. Sisi wa pwani tulipata nafuu ya samaki, lakini samaki peke yake hakai tumboni, na wanawake walikuwa wanakwenda porini kuchimba ming'oko, ile mizizi, wakarudi jioni na kapu nusu. Mimi wakati huo nilikuwa na mshahara. Nilikaa kwenye kibanda cha bati kule forodhani nikipima nta na mpira na sandarusi, na watu waliposikia viatu vyangu vinakuja walinyamaza. Nilikuwa nakipenda sana kile kimya.

Mbwa niliachiwa na Mdachi mmoja aliyekuwa na shamba la pamba nyuma ya Mingoyo. Shamba lilimfia, akafunga virago kurudi kwao, na mbwa hakuweza kumchukua. Alikuwa mbwa wa rangi ya kahawia, masikio yamelala kama majani ya mgomba yaliyokauka, na shingoni alivaa mkanda wa ngozi wenye kifungo cha shaba. Jina lake Maksi. Mchinga mbwa walikuwepo, lakini walikuwa mbwa wa kazi, wa wawindaji na wa kulinda mashamba na nguruwe, wanalala nje ya mji na hakuna anayejua majina yao. Mbwa anayetembezwa barabarani kwa kamba, nyuma ya mtu aliyevaa viatu, anayesemeshwa Kidachi akaketi, alikuwa hajawahi kuonekana. Nilikuwa nampitisha kiwanjani jioni, kile kiwanja kilicho kati ya msikiti na kisima, nasimama katikati, nasema neno moja la Kidachi, Maksi anaketi, na mimi natazama huku na huku kuona nani ameona.

Tatizo la Maksi (na hapa ndipo tunapoingia penyewe) ni kwamba alikuwa na desturi ya kumaliza haja zake mahali palipo wazi na penye watu, kama anayetaka mashahidi. Kichakani hataki, ufukweni hataki, anangoja mpaka tufike kiwanjani. Mara ya kwanza mama mmoja muuza samaki aliniambia kwa adabu kabisa, "Karani, mbwa wako kaacha kitu hapo."

Nikamjibu kwa sauti ya kusikika, "Karani wa serikali haokoti mavi, mama."

Wanaume waliokuwa barazani wakacheka. Mimi nikadhani wanacheka pamoja nami. Kesho yake nilipopita, pale mahali palikuwa safi. Siku ya tatu hivyo hivyo. Maksi anaacha jioni, asubuhi hakuna kitu, na mimi, mwenye cheti, sikujiuliza hata mara moja. Nikaamini ni kunguru, au ni jua, au (Mungu anisamehe) nikaamini kwamba mji umezoea.

Mwalimu Chande peke yake ndiye aliyenifuata nyumbani. Huyu ndiye imamu wetu, ndiye aliyenifundisha alifu kabla Wadachi hawajanifundisha A.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Hamisi mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya mbwa. Mfunge. Njia ya msikitini tunaikanyaga tuna udhu."

"Mwalimu, huyu si kama mbwa wetu. Huyu amefunzwa."

"Amefunzwa na nani?"

"Na Wadachi wenyewe."

Mwalimu akatazama njia ya watu mbele ya mlango wangu, palipokuwa na kazi ya Maksi ya asubuhi ile, bado inafuka. "Basi somo hili hawakulifikia," alisema, akakunja kanzu yake, akaruka, akaenda zake. Nami nilicheka peke yangu siku nzima, nikamwona ni mzee asiyejua dunia imefika wapi.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Ijumaa, siku za mwisho za jua kali kabla ya mvua za kupandia. Nilikuwa nimeletewa kutoka Lindi tangazo la serikali, nilisome mbele ya watu baada ya swala, kwamba kila mwenye nyumba apande shamba lake mvua ya kwanza ikinyesha, na mimi niandike majina ya wasiopanda, na hao wataitwa kwenda kufanya kazi ya barabara. Tangazo nililikunja vizuri nikalitia mfukoni. Nilivaa suti nyeupe iliyopigwa pasi ya mkaa hata mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Na nilipotaka kumfunga Maksi ile kamba yake ya usumba wa nazi, nikaona kamba inaacha rangi ya kahawia kwenye mkono wa koti. Nikaitupa kamba. Nikamwambia Maksi anifuate hivyo hivyo. Hilo tu ndilo nililoamua, ndugu zangu, kitu kidogo kama hicho, kuokoa mkono mmoja wa koti, na yaliyobaki yote yalikuja yenyewe.

Kiwanjani alikuwapo Bi Somoe. Huyu alikuwa mjane, nyumba yake ya tatu kutoka kisimani. Mumewe alikwenda Matumbini na punda wa chumvi siku zilezile vita vilipoanza, na hakurudi yeye, wala punda, wala chumvi. Siku hiyo alikuwa ameanika mtama wake wa mbegu kwenye mkeka mkubwa katikati ya kiwanja, kwa sababu pale ndipo jua linapofika bila kivuli, na mbegu isipopigwa jua kali kabla ya kupandwa fukusi wanaila ndani kwa ndani. Wanawake wengine walikuwa wameshaanika zao siku zilizotangulia, wameshaanua. Zamu ilikuwa yake. Alikuwa amekaa pembeni na ufito wa kufukuzia kuku, na wanaume walikuwa wameanza kujipanga kandokando ya kisima kutia udhu, kanzu zao nyeupe tupu.

Nilipita nikamsalimu. Nilikuwa nishampita hatua kama kumi hivi, nikasikia mtu anasema, "Astaghfirullah." Hakusema kwa ukali, alisema taratibu, kama mtu anayeona meli inazama mbali. Nikageuka. Maksi alikuwa katikati ya mkeka, katikati hasa, mgongo umepinda, macho yanatazama juu kama mtu anayefikiri jambo la maana. (Usiku wa kuamkia siku ile alikuwa amekula utumbo wa papa ufukweni. Sitaongeza neno.)

Nataka mwelewe vizuri kilichofuata, kwa sababu hapa ndipo ningeweza kuokoka. Bi Somoe hakupiga kelele. Alimfukuza Maksi kwa ule ufito, akaokota kifuu cha nazi, akapiga magoti kwenye mkeka, akasema, "Si kitu, Karani. Ni hapa tu. Nitachota." Na angechota, na yangekwisha, na leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini wanaume thelathini walikuwa wananitazama, na mlango wa msikiti ulikuwa wazi, na mimi niliona kwamba watu watasema karani mwenye cheti amesahau dini, analeta najisi halafu mjane ndiye anayechota. Nikataka waone kwamba naijua dini kuliko wao.

"Usiguse!" nilimwambia. "Hii ni najisi ya mbwa. Haichotwi hivi hivi. Ni mara saba, na mara moja iwe kwa udongo. Mimi nilikuwa wa kwanza chuoni kwa Mwalimu Chande!"

"Karani, mtama ni mkavu…"

"Mara saba, Bi Somoe!" Kisha nikawageukia wale wa kisimani nikapaza sauti kama nilivyozoea forodhani, "Leteni maji!"

Kiwanja kizima kikanyamaza. Mwaka wa pili baada ya vita vile, ndugu zangu, mtu hasimami katikati ya watu wa kusini akapiga kelele ya maji. Mzee mmoja kwenye baraza la msikiti akasema polepole, "Maji tena?" na hakuna aliyecheka. Lakini maji waliyaleta. Nilisema mimi, kwa hiyo waliyaleta, ndoo kwa ndoo, na hakuna aliyenitazama usoni.

Nikamwaga ya kwanza mwenyewe, mikono ya koti nimeikunja. Ndoo ya pili. Ya tatu, mtama ukaanza kuelea, na kile kitu ambacho mwanzo kilikuwa mahali pamoja, chenye ukubwa wa sahani, kikayeyuka kikaanza kutembea. Kilitembea mpaka kwenye kila pembe ya mkeka ule. Niliona, sisemi sikuona, lakini mtu akishafika ndoo ya tatu kati ya saba mbele ya watu hana tena njia ya kurudi. Ya nne nikatia udongo, kama inavyotakiwa, na ukawa uji. Ya tano. Kwenye ya sita Maksi akaamini kwamba huu ni mchezo ulioandaliwa kwa ajili yake, na kwamba jua lile kali tumemwonea huruma, akaruka akaingia katikati ya mtama, akajigaragaza mgongo, tumbo, mgongo tena. Nikamwita kwa Kidachi aketi. Akaketi. Katikati ya uji. Kisha akainuka, akatoka, akaenda mbio moja kwa moja mpaka kwenye ule mstari wa wanaume waliokwisha kutia udhu, akasimama mbele yao, akajikung'uta.

Mimi sijapata kuona maji ya mbwa mmoja yakifika mbali vile. Hakuna kanzu iliyopona. Watu walipiga mayowe, wengine waliruka nyuma wakaangukia ndoo, mmoja alipanda juu ya ukingo wa kisima na kanzu yake mdomoni. Na wakati huohuo Mwalimu Chande alikuwa ametoka mlangoni kuona kelele ni za nini, na tone moja, nililiona kwa macho yangu, likatua kwenye kilemba chake.

Akanitazama nilivyosimama na ndoo.

"Hiyo ni ya ngapi, Hamisi?"

"Ya sita, Mwalimu."

"Basi malizia ya saba, kisha uje unianzie mimi."

Siku ile Ijumaa ya Mchinga ilichelewa. Wanaume wote walishuka ufukweni, wakavua kanzu, wakazifua mara saba, mara moja kwa udongo, wakizihesabu kwa sauti moja kama watoto wa chuoni, na kila walipofika sita walinitazama. Wengine waliswali kanzu zikiwa mbichi, zimewagandama miguuni. Mimi nilioga wa mwisho, nikaswali safu ya nyuma kabisa, na hakuna aliyenisogelea bega.

Baada ya swala nilikuwa na tangazo la kusoma. Nililitoa mfukoni limelowa, nikasimama kiwanjani palepale, nikalisoma. Nilipofika pale penye maneno kwamba kila mwenye nyumba apande shamba lake, sauti ya mtu ikatoka nyuma, "Na mtama ulioogeshwa je, Karani?" Bi Somoe alikuwa bado amekaa pembeni ya mkeka wake, anaokota punje moja moja anaziweka kwenye upande wa kanga, na nguo yenyewe imelowa pia, na nadhani alijua kama mimi nilivyojua kwamba kazi ile haina maana, mikono tu ndiyo iliyokataa kuacha.

Nilimfuata. Nikatoa rupia, rupia nzima ya fedha, nikampa.

Akaitazama. "Hii inaota, Karani?"

"Utanunua mbegu nyingine."

"Wapi? Kwa Mhindi hakuna. Lindi hakuna. Niambie ilipo, nitakwenda kwa miguu." Akanirudishia. "Na hilo jina langu uliandike vizuri. Somoe binti Ali. Wa kwanza."

Mwalimu Chande akaja akasimama karibu nasi. Hakunigombeza, na bora angenigombeza. "Hamisi," alisema, "kitu kikavu kikiingiwa na najisi unachota pale ilipo na pembeni yake, basi, kilichobaki ni safi. Nilikufundisha mwenyewe. Maji ndiyo yaliyoitembeza. Huu sasa hauliki." Kisha akaongeza, "Somoe alitaka kuchota. Nilimsikia. Kwa nini hukumwacha?"

Nikatafuta mwingine wa kumlaumu, ndivyo mtu anavyokuwa. Nikamwambia Bi Somoe, "Lakini ninyi pia, kama mbwa alikuwa anawakera siku zote hizi, mbona hamkusema? Sikujua. Kila asubuhi kiwanja kilikuwa kisafi."

"Kilikuwa kinajisafisha?" aliuliza. "Tunafagia sisi. Wanawake wote wa huku kisimani, kwa zamu, kabla ya adhana ya alfajiri. Jana ilikuwa zamu yangu."

"Kwa nini hamkuniambia?"

Akaninyooshea kidole, si usoni, bali mfukoni, palipokuwa na kalamu yangu. "Tukuambie, uandike majina?"

Ndugu zangu, mimi nimepata kuumwa na nge, nimepata kuanguka kutoka kwenye mnazi, lakini sijapata kusikia kitu kikaingia mwilini kama maneno yale. Kile kimya nilichokuwa nakipenda, nilipopita na viatu vyangu, nilikiita heshima. Hawa walikuwa watu waliokwisha kuona kamba za kunyongea, waliokwisha kuhesabiwa hamsa ishirini za kiboko mgongoni, na mimi nilipita katikati yao na muhuri wa tai nikadhani wananyamaza kwa sababu ya cheti. Wanawake waliamka gizani kuzoa mavi ya mbwa wangu kwa sababu waliniogopa. Nilirudi nyumbani, nikavua viatu, nikakaa mbele ya fremu yangu ya mpingo, nikaisoma toka mwanzo mpaka mwisho. Haikuandikwa popote nifanye nini.

Kesho yake nilitoka miguu mitupu na kapu, kwenda kukopa mbegu nyumba kwa nyumba. Kila mtu alikuwa na kidogo tu, alichokificha njaa yote, na kila mtu alinipa kwa kisahani au kwa kifuu, na kila mtu alinipa pamoja na neno lake. Muuza samaki aliniuliza, "Leo karani wa serikali anaokota nini?" Yule mzee wa baraza la msikiti alinipa kiganja kimoja akasema, "Hii usiimwagie maji," na mara hii yeye mwenyewe alicheka. Nilijibu wote, "Ahsante, nitarudisha mavuno yakifika." Hakuna aliyenikatalia. Hilo ndilo lililonitia aibu kuliko maneno.

Nyumba ya mjomba niliiacha ya mwisho, na nilipofika sikukohoa.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Viatu vimekwenda wapi?"

Nikamweleza, ingawa alishajua yote, alikuwa mmoja wa wale waliofua kanzu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Unajua mtama ule ulikaa wapi? Kwenye kibuyu juu ya meko yake. Njaa yote. Walikula ming'oko, na kibuyu kinaning'inia pale juu. Mtoto wake wa mwisho alikufa mwezi wa pili wa njaa, na Somoe hakukifungua, maana aliobaki nao wangekula nini mwaka huu?" Mimi nilikuwa natazama vidole vyangu vya miguu. "Mbegu ya kumpa Somoe ninayo," alisema. "Wewe nitakukopesha jembe."

"Jembe la nini, Mjomba?"

"Ule mtama uliouogesha umelowa, keshokutwa utaoza au utachipua kwenye mkeka. Hauliki, lakini Mwalimu anasema kitakachoota ni safi. Kipande changu cha bondeni kina unyevu hata sasa. Ukaupande. Wewe, si mtu mwingine."

Nilikwenda. Siku tatu, kila nikitoka forodhani alasiri, nililima bonde lile, na mjomba alikuja akakaa juu ya kisiki akinitazama bila kusema kitu, ambalo ni jambo gumu kwake. Viganja vilichubuka hata kalamu nikawa naishika kwa vidole viwili. Nusu ya mtama ulioogeshwa ilioza, nusu ikaota. Mbegu za mkopo nilizikabidhi kwa Bi Somoe zote, na mvua ilipofika alipanda kama wengine, na karatasi ya majina niliirudisha Lindi haina jina hata moja. Maksi nilimfunga kwenye kigingi pembeni ya bonde, alinde nguruwe na nyani, kazi ambayo kumbe aliiweza na kuipenda kuliko kuketi kwa Kidachi. Na kila nilipomtoa kumrudisha mjini, nilikuwa na kamba mkono mmoja na kifuu cha nazi mkono wa pili. Watu waliniita Karani Kifuu. Wapo wanaoniita hivyo mpaka leo, na sasa mnajua kwa nini.

Tangu siku ile, mbwa wangu yeyote (nimefuga watatu baada yake) hajakanyaga njia ya watu bila kamba, na hajaacha kitu ambacho sikukizika kwa mikono yangu. Na nikisikia mahali watu wananyamaza ninapopita, sifurahi tena. Nasimama, nauliza kuna nini.

Mtama wa bondeni uliiva. Ulikuwa mzuri, sitaki kujisifu, vichwa vyake vilijaa kama ngumi. Nilivuna, nikapura, nikapeta, nikatia kwenye kapu, nikazunguka nyumba zilezile, kwa siku moja, nikimrudishia kila mtu kisahani chake kimejaa mpaka kinamwagika. Muuza samaki. Mzee wa baraza, kiganja kwa kiganja, na mimi kiganja changu ni kikubwa kuliko chake. Wote. Bi Somoe alikuwa mlangoni kwake nilipopita, meko yanafuka ndani, na juu ya meko nikakiona kibuyu, kimezibwa. Aliniitikia salamu yangu, akaniuliza, "Umebakiza nani?"

"Mjomba tu."

"Nenda basi, mwanangu, asije akasema umekimbia." Ilikuwa mara ya kwanza asiniite Karani.

Mjomba alikuwa barazani na majirani zake, walewale waliocheka siku ile naondoka. Nilimwekea kapu, nikamwekea jembe lake, nimelisugua linang'aa. Akachota mtama, akaunusa, akawaonyesha wenzake.

"Huu ndio ule wa Maksi?"

"Ndiyo, Mjomba."

Akatafuna punje mbili tatu, taratibu, wote wakimtazama. Akataka kusema neno, na naamini lilikuwa neno zuri, nililingoja miaka mingi. Lakini Maksi, aliyekuwa amekaa miguuni pangu kwa adabu muda wote ule, akasogea mbele kadiri kamba ilivyomruhusu, mpaka katikati ya ua wa mjomba, palipo wazi na penye watu, akapinda mgongo.

Nilipomaliza kumngoja nilipiga magoti mbele yao wote, na suti yangu, nikachota kwa kile kifuu.

"Na pembeni yake, Hamisi," alisema mjomba.

Nikachota na pembeni yake.